Kabla Hujapanda Uluguru na Dodoso

Kila msimu wa udahili ukikaribia hunijia vijana wenye shahada ya kwanza mkononi na swali lilelile: "Mwalimu, nataka kusoma uzamili wa uchumi kilimo pale SUA. Nijiandae na hesabu au nijiandae na kilimo?" Nami huwajibu kwamba hesabu waziandae wakiwa bado kwao, maana wakishafika Morogoro hakuna atakayewasubiri. Kilimo watakijua wakikubali kupanda mlima. Lakini lipo jambo la tatu ambalo hakuna anayeliuliza, na kwa macho yangu limeharibu tasnifu nyingi kuliko hayo mawili: vipimo. Nasema debe, gunia, ekari na siku ya kibarua.

Tuanze na mahali penyewe. Morogoro, mji kasoro bahari kama wenyeji wanavyopenda kujisifu, umeuegemea mlima Uluguru, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaani SUA, kiko miguuni pa mlima huo. Kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha stashahada, mwaka 1970 kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Julai 1984 kikasimama chenyewe kwa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani humu humu, tarehe 12 Aprili mwaka huo. Usikichanganye na Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho nacho kiko Morogoro, kwenye barabara ya kwenda Iringa. Uchumi unafundishwa kote kuwili, ila ukitaka mkulima awe katikati ya somo, si mfano unaotajwa ukurasa wa mwisho, njoo Sokoine.

Kabla ya kuomba, soma majina ya programu kwa makini. Kuna uzamili wa uchumi kilimo, kuna wa uchumi kilimo na uchumi tumizi, na kuna wa biashara ya kilimo. Yanafanana kwa jina lakini hayafanani kwa jasho. Ule wa uchumi tumizi ulitokana na mpango wa pamoja wa vyuo vya Afrika Mashariki na Kusini ulioanza mwaka 2005 chini ya Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika wenye makao yake Nairobi. Wanafunzi kutoka Egerton, Makerere, Sokoine na vyuo vingine walikuwa wakikutanishwa Chuo Kikuu cha Pretoria kwa masomo ya kuchagua. Hesabu zake ni nzito. Kama lengo lako ni kuendesha kampuni ya mbegu au kusimamia ushirika, usijitese huko. Nenda kwenye biashara ya kilimo. Kama unataka kufika uzamivu, jitese.

Kuhusu hesabu sitasema mengi. Wanaokuja wako wa aina mbili. Yupo aliyesoma kilimo, anayejua mahindi yanapaliliwa lini na funza wa vitumba anashika wapi, ila hesabu aliziaga kidato cha nne. Na yupo aliyesoma uchumi mtupu, anayechora mikondo ya ugavi na mahitaji akiwa amefumba macho, ila hajawahi kushika jembe. Wa kwanza atateseka muhula wa kwanza, wa pili atateseka mwaka wa pili. Ukiwa wa kwanza, tenga miezi mitatu kabla ya kufungua chuo, urudie kalkulasi, matriki na misingi ya takwimu, saa mbili kila jioni, kwa kalamu na karatasi. Usianze na Stata wala R. Programu ya kompyuta itakupa jibu hata kama swali lako ni la kipuuzi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwaka wa kwanza ni wa darasani: nadharia ya uchumi, ikonometria, masoko ya mazao, sera, uchumi wa uzalishaji. Utakutana na Theodore Schultz, Mmarekani aliyeandika mwaka 1964 kwamba mkulima mdogo wa jadi ni maskini lakini hatumii vibaya kidogo alichonacho. Mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Arthur Lewis. Utakutana pia na modeli ya kaya ya wakulima iliyokusanywa na Singh, Squire na Strauss mwaka 1986, inayosema kaya hii ndiyo kampuni na ndiyo mlaji kwa wakati mmoja. Wengi huikariri kwa mtihani. Wewe ipeleke kichwani hadi Matombo, huko Uluguru. Bibi anayeuza madebe mawili ya mahindi mwezi wa saba apate ada ya mjukuu, kisha mwezi wa pili ananunua debe moja kwa bei ya juu, hajakosea hesabu. Anaendesha kampuni na jiko kwa mfuko mmoja, na hakuna aliyemkopesha. Ukishaelewa hilo, sura nzima ya kitabu imekuingia.

Sasa swali la utafiti, na hapa nitakaa kidogo.

Makosa ninayoyaona zaidi ni ya mtu kuchagua modeli kwanza kisha kwenda kutafuta mlima wa kuivisha. Anasema, "Mimi nataka kutumia probiti." Kwa swali gani? Hajui bado. Geuza mambo. Panda daladala au bodaboda, nenda Kinole siku ambayo huna kipindi, kaa gengeni, kunywa chai, sikiliza watu wananung'unikia nini. Kinole kuna ndizi, mananasi na pilipili manga. Upande wa Mgeta kuna kabichi, karoti, njegere, viazi, na mbuzi wa maziwa waliotokana na mbegu iliyoletwa kutoka Norway miaka ya 1980. Ni mlima mmoja wenye uchumi wa namna mbili. Upande wa mashariki, wa Kinole, unapata mvua nyingi zinazotoka Bahari ya Hindi. Mgeta iko upande mwingine, ina ubaridi wake, na mboga zake husafirishwa hadi Dar es Salaam. Hapo tayari una maswali matano bila kufungua kitabu.

Kisha ufungue kitabu. Nenda Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, ile wanayoiita SNAL, uombe tasnifu za waliokutangulia. Usione haya kukuta swali lako limeshaulizwa. Ona haya ukilirudia bila kujua. Soma makala ya Jan Kees van Donge ya mwaka 1992 kuhusu kudorora kwa kilimo Uluguru, halafu soma ya Stefano Ponte ya mwaka 2001, ambayo tangu kichwa chake inauliza kama kweli watu hawa wamenasa katika kudorora, na inageukia shughuli nyingine wanazofanya nje ya shamba. Wote wawili wanauangalia mlima huohuo. Kwa mwanafunzi, mvutano wa namna hiyo ni zawadi: ukijua kwa nini walitofautiana, umepata mlango wa kuingilia.

Na usisahau historia, maana wakulima hawajaisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye miteremko yenye udongo mwembamba, ngazi zilifukua udongo usio na rutuba ukaja juu, na mazao yakazidi kuwa duni, huku nguvu za watu zimeshatumika. Mwaka 1955 watu waliandamana Matombo, ghasia zikatokea, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukafa. Wachumi tungesema gharama ya nguvu kazi ilizidi faida iliyotarajiwa. Mzee wa Matombo atakwambia kwa maneno machache zaidi. Kwa hiyo ukienda na dodoso lenye swali la "vikwazo vya kupokea teknolojia ya matuta," jua unagusa kidonda, na jua pia kwamba neno "vikwazo" limeshaamua kuwa mkulima ndiye mwenye kasoro. Mlimani humo humo, Mgeta, wapo wanaolima mboga kwenye matuta kwa hiari yao. Tofauti inaweza kuwa udongo, inaweza kuwa bei ya kabichi. Hilo ni swali la tasnifu, na nakupa bure.

Jingine ni maji. Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam unapata maji yake mengi kutoka mlima huu, na mito inayojaza Bwawa la Mindu la mji wa Morogoro inashuka humu humu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi upande wa Kibungo, wa kumlipa mkulima anayetunza ardhi ya juu ili walio chini wapate maji safi, na shirika la maji la Dar es Salaam likawa miongoni mwa walipaji. Anayeteremsha tope na anayekunywa maji hawajawahi kuonana. Ukitaka kufundisha uchumi wa mazingira bila ubao, chora mto huo.

Haya, tufike kwenye vipimo.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda Mgeta na dodoso la kurasa kumi na moja. Swali la ishirini na mbili lilisema: "Msimu uliopita ulivuna magunia mangapi?" Mzee niliyekuwa nikimhoji, mpole, ameshanikaribisha uji, akaniangalia muda.

"Gunia lipi, mwanangu? La kwangu au la dalali?"

Nikamjibu kwamba gunia ni gunia, kilo mia. Hakubishana. Alisimama akanipeleka nyuma ya nyumba, ambako viazi vilikuwa vimefungwa vikisubiri gari. Gunia lilikuwa limejaa hadi mdomoni, kisha juu yake limeshonewa kichwa kwa kamba, viazi vimepangwa kimoja kimoja kama mtu anayejenga kichuguu, hadi gunia likanifika kifuani. Lumbesa. Lile la kwake, la akiba ya nyumbani, lilikuwa pembeni limefungwa mdomo kawaida. Nilikuwa nimeshahoji kaya thelathini na moja na kote nimeandika "gunia × 100."

Fanya hesabu nami. Tuseme mkulima ameuza lumbesa 10 kwa Sh 60,000 kila moja, na kila moja ina kilo 130. Wewe unaandika kilo 1,000 kwa Sh 600 kwa kilo. Ukweli ni kilo 1,300 kwa Sh 462 hivi. Fedha aliyopata ni ileile, Sh 600,000, ndiyo maana kosa halionekani. Jedwali la mapato litakaa sawa na msimamizi atatikisa kichwa kukubali. Lakini umesema mambo mawili ya uongo: kwamba shamba lake linatoa kidogo kuliko linavyotoa, na kwamba bei anayopata ni nzuri kuliko anayopata. Ukifika sura ya mapendekezo utaandika kuwa mkulima aongezewe mafunzo ya kuongeza tija. Kumbe tija ipo, anakobanwa ni kwenye mzani. Wakala wa Vipimo unapiga marufuku lumbesa miaka yote, na lumbesa inaendelea kupanda lori usiku. Kwa nini inaendelea? Hilo nalo ni swali la tasnifu, tena zuri kuliko la matuta.

Nilirudi kaya zote thelathini na moja. Ilinichukua siku tisa na nauli ambayo sikuwa nayo.

Kwa hiyo nunua mzani wa kuning'iniza. Pima debe la kijiji hicho, kisado cha kijiji hicho, tenga la nyanya, gunia la aina zote mbili, kwa kila zao, maana debe la mpunga na debe la maharage hayalingani uzito. Andika jedwali la kubadilisha vipimo kabla hujahoji kaya ya kwanza. Ndizi zina balaa zake: mkungu hauna kipimo, kuna mkubwa na mdogo, na bei inapangwa kwa jicho. Chukua mikungu kadhaa ya kila daraja wanalolitambua wauzaji wenyewe, pima, tafuta wastani.

Ekari nayo. Uliza mkulima yeyote nchini ekari ni nini, atakwambia hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa ya mita moja, hiyo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari ya vitabuni ni 4,047. Ziada ya asilimia 21 kabla hujaanza. Juu ya mteremko mambo yanageuka tena: anayepiga hatua anapima ngozi ya mlima, kifaa cha GPS kinapima kivuli chake kwenye ramani. Mteremko wa nyuzi 30, mita 70 za kupanda zinakuwa kama 61 kwenye ramani. Chagua kipimo kimoja, sema umechagua kipi, na ukishikilie mpaka mwisho. Kama huna fedha za kuzunguka, usikate tamaa: Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikifuatilia kaya kupitia utafiti wa jopo la kaya tangu 2008/09, data zake zinapatikana bure, na mashamba mengi humo yamepimwa kwa GPS huku makadirio ya mkulima yakiandikwa pembeni. Mwanafunzi anaweza kuandika tasnifu nzima juu ya tofauti ya namba hizo mbili bila kulowana mvua. Ila awe amelowana angalau mara moja, ajue namba zinatoka wapi.

Ugumu mwingine ni wa nani wa kumhoji. Fomu nyingi zinaanza na "mkuu wa kaya." Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, ardhi nyingi inafuata upande huo. Mume anayekujibu kwa sauti kubwa kuhusu shamba anaweza kuwa analima ardhi ya ukoo wa mkewe, na mwingine analima ya ukoo wa baba yake akijua kuwa siku moja itarudi kwa wenyewe. Mtu wa namna hiyo kupanda mkarafuu au mdalasini si uamuzi wa bei peke yake. Ongeza maswali mawili kwenye dodoso: shamba hili ni la ukoo gani, na nani anaruhusu kupanda mti. Utashangaa jinsi ikonometria yako itakavyotulia.

Taratibu za ruhusa zisikuchoshe, zina mpangilio wake. Barua ya chuo inakwenda mkoani, mkoa unakupeleka wilayani, wilaya katani, kata kwa mtendaji wa kijiji, naye anakukabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kumbuka Kinole na Matombo ziko Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, Mgeta iko Mvomero. Ukilinganisha pande mbili za mlima unahitaji barua mbili. Anza mapema, kwa sababu masika ikianza mwezi wa tatu barabara za juu zinageuka utelezi na bodaboda wanapandisha nauli, na wana haki. Kijijini anza na shikamoo, si na jina la chuo. Usihoji mtu akiwa shambani wakati wa kupalilia. Msubiri jioni, au msaidie mistari miwili huku mnaongea. Sema wazi kwamba huleti mradi wala mbolea. Watu wa milimani wameona magari mengi ya miradi, na mtu akidhani unaandika orodha ya msaada atapunguza mavuno yake na kuongeza watoto.

Jaribu dodoso kwa siku moja kwenye kitongoji ambacho hutakitumia, halafu likate nusu. Nasema kweli, nusu. Wasaidizi wako wawe wanajua Kiluguru, na uwalipe posho kwa siku, si kwa fomu. Anayelipwa kwa fomu atajaza fomu.

Mwaka wa pili ndio wa upweke. Wenzako wamerudi makazini, wewe uko na data isiyotii. Panga na msimamizi wako tarehe za kukutana na umpelekee maandishi hata kama ni kurasa tatu mbovu, kwa kuwa msimamizi hawezi kusahihisha yaliyo kichwani mwako. Akinyamaza wiki tatu, mkumbushe kwa adabu. Wiki ya nne mkumbushe tena. Ajira sitakudanganya: wizara, halmashauri, benki na mashirika zinawahitaji watu wa fani hii, ila zinawahitaji wachache kuliko mnaohitimu, na anayepata ni yule anayeweza kueleza namba zake kwa mtu asiyejua ikonometria.

Zoezi la kujipima hilo liko karibu. Tasnifu ikishapita, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili: ulipima nini, gunia la dalali lina kilo ngapi, bei kwa kilo ilikuwa shilingi ngapi shambani na ngapi sokoni. Rudi kijijini, omba dakika ishirini kwenye mkutano, usome, ujibu maswali. Nakala moja mpe mtendaji, nyingine mpe afisa ugani, na ya tatu ibandike ukutani ofisi ya kijiji, mahali ambapo dalali naye ataisoma.